Mwamba Uleule, Mwezi Uleule

Kisu anachopewa mwanafunzi siku ya kwanza ya kazi hii si cha chuma. Ni cha plastiki ngumu au cha kauri, na kwenye maabara zenye uwezo ni cha titani. Atakitumia kufungua kome, na mwanzoni kitamtesa. Magamba yamebanana, vidole vinateleza, na nyumbani kwao kuna kisu cha jikoni ambacho kingemaliza shughuli kwa mkupuo mmoja. Lakini chuma kinapokwaruza gamba na kupita katika nyama huacha chembe za nikeli na kromiamu, na yeye amekuja kutafuta metali alizozikusanya kome baharini. Akitumia kisu cha jikoni, atakuwa amekipima kisu.

Katika kisu hicho imo kanuni nzima ya kazi ninayotaka kuisifu: kupima metali nzito katika maji ya pwani kwa kuwatumia viumbe wanaoishi humo. Kome, chaza, konokono wa mikoko, mwani na minyoo ya matope hukaa mahali pamoja, na miili yao huweka kumbukumbu ya yaliyopita pale. Mtu kazi yake ni kuisoma kumbukumbu hiyo bila kuongeza herufi yake mwenyewe. Kutamka ni rahisi. Kutenda kunadai usafi, subira na unyenyekevu ambao sijauona katika kazi nyingi.

Asiyeijua kazi hii huuliza kwanza: kwa nini msichote maji mkayapima? Swali ni la haki. Jibu lake ni kwamba metali nyingi zimo katika maji ya bahari kwa kiasi kidogo mno, hesabu ya mikrogramu kwa lita, na risasi katika bahari kuu huwa chini hata ya hapo. Kiasi hicho huzidiwa kwa urahisi na kinachodondoka kutoka kwenye rangi ya mashua, kamba ya kuteremshia chupa, au vumbi la kiganjani. Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani anayekumbukwa kwa kukadiria umri wa dunia, alionyesha kwamba vipimo vingi vya risasi vya wakati wake vilikuwa vimechafuliwa na wapimaji wenyewe. Watu walikuwa wakizipima maabara zao wakidhani wanaipima bahari. Na hata ukichota kwa usafi kamili, chupa yako ina maji ya dakika ile tu. Kiwanda kikimwaga usiku, maji yakajaa na kupwa, asubuhi utachota maji yasiyo na habari.

Kome hana pa kukimbilia. Amejifunga kwenye mwamba kwa nyuzi zake, na kila maji yanapomfunika hufungua magamba na kuyapitisha kwenye matamvua, lita moja au zaidi kwa saa akiwa mkubwa, akichuja chakula chake. Metali zilizomo majini na katika chembe za chakula huingia mwilini pamoja nacho. Nyingine hutoka. Nyingine hushikwa na protini iitwayo metalothioneini, au hufungiwa katika punje ndogondogo ndani ya seli zisije zikamdhuru. Miezi ikipita, nyama yake huweza kuwa na metali maelfu ya mara kuliko maji yanayomzunguka, na kile kilichokuwa kikiikwepa mashine sasa kinapimika. Tena kome hutoa habari ambayo chupa ya maji haiwezi kuitoa: katika metali zote zilizomo majini na matopeni, ni kiasi gani kinachoweza kuingia katika mwili wenye uhai. Hicho ndicho kinachomhusu mtu atakayemla.

Viumbe walianza kusema kabla ya watu kujifunza kuwasikiliza. Huko Minamata, mji wa pwani kusini mwa Japani, katika miaka ya 1950 paka walionekana wakiyumba, wakizunguka na kuanguka. Ugonjwa kwa watu ukaripotiwa rasmi Mei 1956. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikitumia zebaki katika kutengeneza asetaldehidi, na maji yake machafu yaliingia ghubani. Watafiti waliwalisha paka samaki na kombe wa ghuba ile, na paka wakaugua ugonjwa uleule. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walitangaza kwamba chanzo ni zebaki ya kikaboni, lakini njia ile ya uzalishaji iliendelea hadi 1968. Jibu lilikuwa limelala ndani ya kombe wa ghuba. Alikosekana mtu wa kuwafungua kwa ratiba, kabla hajaugua yeyote.

Wazo la ratiba liliandikwa waziwazi mwaka 1975. Edward Goldberg, mwanakemia wa Taasisi ya Scripps huko California, alichapisha makala fupi katika jarida la Marine Pollution Bulletin akipendekeza kome watumike kulinda pwani za dunia nzima. Mpango huo aliuita Mussel Watch, ambao kwa Kiswahili ningeuita Zamu ya Kome, maana ni zamu kweli: mlinzi hasinzii, habadilishi lindo, na asubuhi anatakiwa kueleza usiku ulivyokuwa. Marekani iliujaribu kati ya 1976 na 1978. Mwaka 1986 shirika lake la bahari na anga, NOAA, likaanzisha mpango wa kudumu ambao vituo vyake vilikuja kukaribia 300. Ufaransa nayo ilikuwa imeanzisha mtandao wake wa kuangalia ubora wa maji ya bahari mwaka 1974, na nitaurudia, kwa sababu katika mlango wa mto mmoja wa Ufaransa kazi hii ilionyesha thamani yake yote.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe.

Ustadi wa mwanzo ni kumchagua shahidi. Shahidi mzuri hahami. Anapatikana kwa wingi, ili kuchukua ishirini au thelathini kusiwamalize. Anaishi miaka kadhaa, anavumilia uchafu bila kufa upesi, na ana nyama ya kutosha kupimwa. Jina lake lazima lijulikane bila kukosea, kwa kuwa spishi mbili zinazofanana kwa sura zinaweza kutofautiana kabisa katika kushika metali. Hata akiwa na sifa zote hizo, bado inabidi uijue tabia yake kama hakimu anavyopaswa kumjua anayeapa mbele yake.

Kome, kwa mfano, hueleza vizuri habari za kadimiamu na risasi, lakini zinki huidhibiti. Ikizidi majini, yeye huitoa, na kiasi cha mwilini hubaki karibu palepale. Ukimuuliza kuhusu zinki atakupa jibu la utulivu hata pwani ikiwa imechafuka. Chaza ni kinyume chake. Hulimbikiza zinki na shaba bila kuzuia, hadi zinki yake ihesabike kwa maelfu ya miligramu katika kilo moja ya nyama kavu. Mwani hauli chembe. Hunyonya kilichoyeyuka, kwa hiyo hutoa habari za maji peke yake. Minyoo inayochimba matopeni hutoa habari za matope. Huko Hong Kong, David Phillips na Philip Rainbow waliwatumia viumbe wadogo wenye magamba makali, wale wanaoganda kwenye nguzo za gati na matumbo ya mashua na kumkata mguu anayewakanyaga. Vijidudu hivyo ambavyo nahodha huvikwangua kwa hasira hushika zinki nyingi mno na karibu haviiachii. Katika mikono ya wataalamu hao, kero ya bandari ilikuwa daftari la bandari.

Ndiyo maana fundi wa kazi hii hategemei shahidi mmoja. Huwaweka wawili au watatu, kila mmoja akijibu swali analoliweza, kisha hulinganisha.

Geoffrey Bryan, aliyefanya kazi katika maabara ya bahari ya Plymouth, Uingereza, alitumia miaka mingi katika milango ya mito ya Cornwall, mkoa uliochimbwa shaba na bati kwa vizazi. Kijito cha Restronguet kilikuwa kikipokea maji ya migodi hiyo. Katika matope yake Bryan alikuta minyoo yenye shaba zaidi ya miligramu 1,000 kwa kilo ya uzito mkavu, ikiwa hai na ikichimba kama kawaida. Minyoo ya kijito kile ilikuwa imeizoea shaba kiasi cha kustahimili viwango vinavyowaua wenzao wa mito mingine. Mtu mwenye haraka angepita pale, akaona minyoo inachezacheza, akaandika kwamba matope ni mazima. Bryan aliipima. Uhai wa kiumbe haukumtosha kuwa ushahidi wa usalama wa mahali, na tangu hapo wenzake wamekuwa na sababu ya kukumbuka hivyo.

Ustadi wa pili uko mwambani, maji yakiwa yamepwa. Hapa ndipo mgeni hudhani kazi ni kuokota tu. Mtazame mtu aliyeizoea. Haanzi kwa kuchuma, anaanza kwa kutazama usawa wa maji. Kome wa juu ya mwamba hufunikwa saa chache kwa siku na wa chini hufunikwa saa nyingi, kwa hiyo hawali sawa wala hawakusanyi sawa. Anachagua usawa mmoja na kubaki nao. Kisha anatoa kipimo cha milimita. Kome mdogo na kome mkubwa wa mwamba mmoja wanaweza kuwa na viwango tofauti kwa sababu ya umri na kasi ya kukua, na kwa hiyo anachukua wa urefu mmoja, tuseme sentimita 5 hadi 6, wengine anawaacha hata wakiwa wanono. Anawachukua wengi, ishirini na zaidi, ili kome mmoja mwenye maumbile yake ya pekee asije akasema kwa niaba ya pwani nzima.

Halafu kuna majira. Kabla ya kuzaa, kome hujaa mbegu na mayai, uzito wake hupanda, na metali ileile inaonekana kidogo kwa kuwa imetandazwa katika mwili mkubwa. Akishamwaga mayai mwili husinyaa, na kiwango hupanda bila hata tone moja la uchafu mpya kuingia baharini. Anayepima mwaka huu kabla ya kuzaa na mwakani baada ya kuzaa atatangaza balaa lisilokuwepo. Kwa sababu hiyo NOAA hukusanya kome wake katika miezi ya baridi, kabla ya msimu huo. Fundi huandika tarehe, saa, joto la maji, kiasi cha chumvi, na mahali penyewe kwa usahihi unaomwezesha mtu mwingine, miaka ishirini baadaye, kusimama juu ya mwamba uleule.

Shida yote hii ina lengo moja. Kinachobadilika kutoka mwaka hadi mwaka kiwe bahari peke yake. Mwamba uleule, mwezi uleule, usawa uleule, urefu uleule, mikono inayofanya vilevile. Namba ikibadilika baada ya hapo, bahari ndiyo imebadilika.

Wataalamu wenyewe hawakubaliani katika kila hatua. Wapo wanaowaweka kome katika maji safi ya bahari kwa siku nzima ili watoe matope yaliyomo tumboni, wakisema matope hayo si mwili. Wapo wanaowafungua moja kwa moja, wakisema mla kome humla na tumbo lake. Pande zote mbili zina hoja, na zote mbili hushika sharti moja: ukishachagua njia, ifuate mwaka hadi mwaka. Mahali pasipo na kome wa asili wamebuni njia nyingine. Katika pwani ya Ufaransa ya Mediterania, taasisi ya Ifremer hutundika baharini vikapu vya kome waliotolewa sehemu moja, wakaachwa miezi kadhaa, kisha wakakusanywa. Wote wameanza wakiwa sawa, na tofauti waliyorudi nayo wameipata pale walipotundikwa.

Ustadi wa tatu uko maabara, na huu ndio unaonigusa zaidi.

Vyombo vyote vimelazwa katika asidi ya nitriki iliyozimuliwa, vikasuuzwa kwa maji yaliyosafishwa hadi karibu yasiwe na kitu. Nyama ya kome inakaushwa, mara nyingi kwa baridi kali ndani ya ombwe, kwa kuwa sehemu kubwa ya kome ni maji na maji hayo hutofautiana kati ya mmoja na mwingine. Ukilinganisha nyama mbichi utalinganisha pia nani alikuwa na maji mengi siku ile. Nyama kavu inasagwa iwe unga laini wa rangi moja. Kiasi kidogo cha unga huo, chini ya gramu moja, kinatiwa katika chombo kilichofungwa pamoja na asidi na kupashwa moto hadi nyama yote iyeyuke, libaki tone angavu kama chai isiyo na majani. Tone hilo ndilo linalopelekwa kwenye mashine.

Mashine iliyoifungulia kazi hii mlango ilitokana na wazo la Alan Walsh, mwanafizikia aliyefanya kazi Australia, ambaye mwaka 1955 alieleza namna ya kupima metali kwa mwanga. Kila elementi hunyonya mwanga wa rangi yake pekee. Unawasha taa iliyotengenezwa kwa kadimiamu, mwanga wake unapita katika mwali ulionyunyiziwa tone lako, na unapima ni kiasi gani cha mwanga kimepungua upande wa pili. Kilichopungua kimenyonywa na kadimiamu ya kome. Siku hizi ziko mashine zinazohesabu atomi kwa uzito wake na kusoma metali nyingi kwa wakati mmoja, lakini taa ile bado inawaka katika maabara nyingi duniani, zikiwemo za Afrika Mashariki.

Kati ya sampuli za kome, fundi huweka vyombo viwili ambavyo havina kome wa pwani yake. Cha kwanza hakina kitu. Kinatiwa asidi ileile, kinapashwa moto uleule, kinapitishwa kwenye mashine ileile, kana kwamba kina nyama. Chochote kitakachosomwa humo ni uchafu wa maabara: wa asidi, wa hewa, wa mikono ya fundi mwenyewe. Kiasi hicho hutolewa katika hesabu, na kikizidi, kazi ya siku inasimama hadi chanzo kipatikane.

Cha pili kina unga wa kome ambao majibu yake yanajulikana tayari. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, imetoa chupa ya unga wa kome yenye namba SRM 2976, na cheti chake kinasema kila kilo ina kadimiamu miligramu 0.82 na zinki miligramu 137. Fundi hupima unga huo kama sampuli nyingine. Akipata 0.82 au karibu sana na hapo, namba zake za pwani zina haki ya kusikilizwa. Akipata 1.3, hana haki ya kumwambia mtu yeyote chochote kuhusu bahari siku hiyo, hata kama mkuu wake anasubiri ripoti na mkutano ni kesho. Naifikiria sana nidhamu hii. Kila siku ya kazi, kabla ya kuishitaki bahari au kiwanda au mji, mtu anajipeleka mwenyewe mahakamani kwanza.

Sasa twende Ufaransa, kwenye mlango wa mto Gironde.

Gironde huanzia karibu na Bordeaux, pale mito Garonne na Dordogne inapokutana, na kuingia bahari ya Atlantiki kwa mlango mpana. Sehemu ile chaza ni chakula na ni riziki. Mtandao wa Ufaransa ulipoanza kuwapima kome na chaza wa pwani nzima kwa utaratibu, mwaka 1979, chaza wa Gironde walijitenga na wote. Kadimiamu yao ilihesabika kwa makumi ya miligramu katika kilo ya nyama kavu. Kwa kulinganisha, kikomo cha leo cha Ulaya ni miligramu 1 kwa kilo ya nyama mbichi, ambayo ni takriban 5 kwa kilo kavu.

Pale mlangoni hapakuwa na kiwanda cha kulaumiwa. Chanzo kilikuwa mbali bara, zaidi ya kilomita 300 juu ya mto, katika bonde la Decazeville ambako madini ya zinki yalikuwa yakiyeyushwa tangu karne ya 19. Kadimiamu hufuatana na zinki ardhini, na mabaki ya kazi hiyo yalikuwa yakiingia kijito cha Riou-Mort, kutoka hapo mto Lot, kutoka Lot mto Garonne.

Swali ni kwa nini chaza wa mlangoni waliathirika hivyo. Jibu lake linaonyesha namna viumbe wanavyojua kemia ya mahali pao. Katika maji baridi ya mto, kadimiamu husafiri ikiwa imeng'ang'ania chembe za udongo. Ikifika kwenye maji ya chumvi, kloridi ya baharini huibandua kutoka kwenye chembe hizo na kuiyeyusha. Kwa hiyo metali iliyosafiri mamia ya kilomita ikiwa imefungwa hufunguliwa pale pale mto unapokutana na bahari, na pale ndipo chaza wanaishi. Mtu aliyepima maji ya mto peke yake, au matope peke yake, asingeweza kuona kwa wepesi kile ambacho chaza alikionyesha kwa mwili wake.

Mwaka 1986 ajali katika eneo la kiwanda ilimwaga uchafu mwingi katika Riou-Mort, na mwaka uliofuata uyeyushaji ule ukakoma. Hapo ndipo subira ya kazi hii ilipolipa. Vituo vilikuwa vikipimwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mteremko wa namba ulionekana wazi: kadimiamu ndani ya chaza ilianza kushuka. Ilishuka polepole, kwa kuwa matope yenye kadimiamu yamejaa nyuma ya mabwawa ya mto Lot, na mafuriko yakija huyaamsha tena. Uvunaji wa chaza wa Gironde ulipigwa marufuku mwaka 1996, karibu miaka kumi baada ya uyeyushaji kukoma, na miongo miwili baada ya mwaka ule wa 1987 viwango vilikuwa bado juu ya kikomo. Anayetaka kujua kosa la mto huchukua muda gani kusahauliwa, jibu lipo katika daftari la chaza hao, mwaka baada ya mwaka.

Wafaransa walifanya na jambo jingine ambalo huniacha kimya. Kila walipopima, walihifadhi sehemu ya unga uliobaki. Chupa za kome na chaza wa miaka ya 1980 zipo rafuni hadi leo. Ikigunduliwa kesho sumu ambayo leo hakuna anayejua kuipima, mtu atakwenda rafuni na kuiuliza bahari ya miaka arobaini iliyopita. Aliyeufunga unga ule hakujua utamjibu nani, wala swali gani.

Sifa hizi hazinifanyi nisahau mipaka ya kazi. Kome husema metali kiasi gani imefika. Hamtaji aliyeimwaga. Kumpata aliyeimwaga kunahitaji kupanga vituo vingi, kufuata namba zinavyopanda kuelekea chanzo, na kuangalia metali zipi zinafuatana. Wala namba haifungi kiwanda. Minamata ilionyesha kwa gharama kubwa kwamba ukweli unaweza kujulikana na bado ukacheleweshwa. Lakini bila namba iliyopatikana kwa uaminifu, mvuvi mwenye wasiwasi huambiwa tu kwamba ni uvumi.

Na sisi wa pwani ya Bahari ya Hindi tuna mashahidi wetu. Chaza wa mwambani wanashikana na mawe na mizizi ya mikoko kutoka Kenya hadi Msumbiji. Kombe huokotwa na wanawake wa Unguja maji yakipwa na kupikwa jioni hiyohiyo. Konokono wadogo hupanda na kushuka kwenye mashina ya mikoko pamoja na maji. Mwaka 2001 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopima metali katika matope ya misitu minne ya mikoko ya Dar es Salaam na katika konokono aitwaye Littoraria scabra, wakaangalia pia jinsi umbo la gamba lake linavyohusiana na uchafu. Ziko na kazi nyingine. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Zanzibar tangu 1978, na taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ipo Mombasa tangu 1979. Ujuzi upo, mikono ipo, na bahari inapwa mbele ya mlango wao mara mbili kwa siku.

Utafiti wa mara moja ni picha, na picha ina thamani yake. Lakini heshima ya kazi niliyoieleza imejengwa juu ya kurudi. Haihitaji meli. Inahitaji mwamba uliochaguliwa vizuri, kipimo cha milimita, kisu kisicho cha chuma, tanuri la kukaushia, chombo kitupu kinachopimwa kwa uaminifu kama kimejaa, na rafu yenye kufuli ya kuwekea unga uliobaki. Ghali kuliko vyote hivyo ni ahadi ya mkuu wa idara kwamba safari ya mwakani haitafutwa kwa sababu tu mwaka huu namba zilikuwa nzuri.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa walimu na wanafunzi wa sayansi za bahari kuanzia Lamu hadi Mtwara. Chagueni mwamba mmoja karibu na mdomo wa mto unaopita katikati ya viwanda, na mwingine mbali na kila kitu. Chukueni chaza ishirini wa urefu mmoja. Andikeni tarehe na usawa wa maji kwa namna ambayo mwanafunzi ambaye hajazaliwa ataielewa. Pimeni, wekeni akiba ya unga, na mwakani, mwezi uleule, mrudi.